Nyuma ya Kiongozi: Juma Moja katika Milima ya Naivasha na Nakuru

Wazee wetu wa pwani, waliokwenda bara kwa miguu wakati ambapo safari ya kutoka Pangani hadi Baringo ilikuwa kazi ya miezi, hawakuthubutu kuondoka kambini asubuhi kabla kirongozi hajatangulia, kwa kuwa walijua ya kwamba bunduki na nguo na shanga havimfai mtu kitu ikiwa hajui maji yako wapi na wenyeji wana nia gani. Jumbe Kimameta wa Pangani, tajiri wa pembe, ambaye mwaka 1883 alifuatana na Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai, na baadaye akafuatana na Count Teleki wa Hungary katika safari ya 1887 na 1888, alikuwa ameyajua mabonde haya kabla wageni hao hawajaandika habari zake. Lakini jina lake leo hutajwa upesi, ikiwa hutajwa, ilhali majina ya hao wageni yamepewa maporomoko na milima. Nayatanguliza haya kwa sababu safari ninayoisimulia haikuwa na fahari nyingine ila hii moja, kwamba tulikwenda nyuma ya watu waijuao nchi, tukaitazama kwa macho yao.

Asili yangu ni Mvita, ila ualimu umeniweka Naivasha, na makazi yangu ni mtaa wa Kihoto, ulio baina ya mji na ziwa, ambako mtu akisimama mlangoni pake asubuhi huuona mlima wa Longonot upande wa kusini, na ng'ambo ya maji, upande wa machweo, huiona milima ya Eburru ikiwa na moshi mweupe usiokoma. Wakazi wa Kihoto ni watu wa kazi: aghalabu wamo katika mashamba ya maua, sokoni, au katika matatu na bodaboda, na katika kuwauliza nimekuta kwamba walio wengi hawajapanda mlima hata mmoja kati ya hiyo waionayo kila siku. Mlima, wasema, ni wa wazungu na wa wanafunzi wanaoletwa kwa basi. Jambo hilo limenihuzunisha kwa muda mrefu, kwa kuwa sioni haki mtu azaliwe, akue, azae na azikwe chini ya mlima bila ya kujua nyuma yake kuna nini. Kwa hiyo likizo ilipofika niliwashawishi jirani zangu wawili, mmoja fundi wa mabomba na mwingine muuguzi, mama wa makamo mwenye siha njema kuliko sisi sote, tukatafuta kiongozi wa kutupeleka juma zima.

Tuliyempata ni Mmaasai aliyezaliwa chini ya Longonot, mtu wa miaka kama arubaini, mpole wa maneno. Ujira wake tulipatana mapema na tukamtangulizia nusu yake, nami nasema wazi kwamba hakuna pesa katika safari ile iliyotumika kwa haki zaidi. Ukoo wake, alivyotueleza, ni wa wale waliobaki au waliorudi baada ya mkataba wa mwaka 1904, ambao kwao Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikiwamo, wakapelekwa Laikipia na nchi za kusini ili walowezi wapate ardhi; na mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pia. Watu waliondoka, majina yakabaki: Longonot, Eburru, Ol Karia, Ol Njorowa, Menengai, yote ni ya kinywani mwao.

Tulianza Jumamosi, ambayo kwetu Waswahili ndiyo siku ya kwanza ya juma, tukapanda matatu ya Mai Mahiu alfajiri, tukashuka njiani tukaanza kwenda. Kabla hatujafika lango la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kiongozi alichuma kijitawi cha mleleshwa, akakifikicha kiganjani, akanipa ninuse. Jani la mleleshwa ni la kijivu juu, na chini ni jeupe kwa vinyweleo vilivyoshikana, na harufu yake ni ya kafuri, ile ile tuijuayo pwani katika masanduku ya nguo na katika maziko. Akasema morani huyaweka makwapani na huyatandika wanapolala porini. Nimeishi miaka Naivasha nikidhani kichaka kile ni cha kuni za makaa tu.

Longonot ni volkano iliyolala, yenye kimo cha mita 2,776, na tangu mwaka 1983 imekuwa hifadhi ya taifa. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita tatu na kidogo, masafa ambayo yakiandikwa kwenye ubao huonekana madogo, lakini njia ni ya majivu ya zamani yaliyochimbwa na mvua na nyayo hata pengine yamekuwa mifereji mirefu kupita mabega ya mtu, na vumbi lake ni laini mno, huingia katika viatu, katika nyusi na katika mkate. Kiongozi alikwenda mwendo wa taratibu sana, na fundi, ambaye ana haraka katika kila jambo, akaanza kunung'unika. Ndipo alipotufundisha kanuni yake: mtu apande kwa kadiri ya pumzi yake ya kuzungumza; maneno yakianza kukatika, asimame, anywe maji funda moja, kisha aendelee. Vijana waliotupita wakikimbia pale chini tuliwakuta baadaye wamelala kando ya njia, nasi tukapita tukiwaamkia huku yule mama akiendelea na kisa chake kuhusu harusi ya mpwawe.

Mahali pamoja kiongozi alituinulia mkono tusimame. Alikuwa ameona mavi ya nyati, ambayo mimi ningeyaruka tu. Akainama, akatuonyesha kwamba juu yalikuwa bado yana unyevu na nzi wamejaa, akatazama upepo, kisha akatupitisha upande wa juu, tukisema kwa sauti ili mnyama asishtukizwe. Nyati hatukumwona. Nafikiri hiyo ndiyo kazi ya kiongozi hodari: hatari zake nyingi huwa hazitokei, na kwa hivyo walipaji huona kama hakufanya kitu.

Ukingoni nafsi husita. Shimo lile ni duara kubwa lenye kuta za mwinuko mkali, na chini kabisa kuna msitu mnene wa miti ya kijani, uliojitenga na dunia ya mbuga kavu iliyouzunguka, na katika baadhi ya kuta hutoka mvuke mwembamba unaoonekana vizuri zaidi asubuhi wakati wa baridi. Thomson alifika hapa mwaka 1883, na wapagazi wake, waliokuwa wengi wao ni watu wa Zanzibar na mrima, bila shaka walikaa chini wakimngoja na mizigo yao. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita zipatazo saba, za kupanda na kushuka, na mahali pengine njia ni nyembamba, huku ni shimo na huku ni mteremko. Kilele kiko upande wa magharibi, nacho huitwa Kilele Ngamia. Tulikifikia adhuhuri, tukala viazi vya kuchemsha na mahamri ya nyumbani kwangu, ambayo kiongozi aliyasifu kwa heshima lakini akarudia viazi.

Kutoka pale juu nchi ilijifunua: Suswa kusini, ukuta wa Mau magharibi, mashariki Kinangop na safu ya Nyandarua iliyofunikwa na mawingu, na kaskazini ziwa, na kando yake nyumba za maua zikimeremeta kwa nailoni zake. Tulitafuta Kihoto, na fundi akaiona kwanza. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia Kihoto, na mwaka 2025 likaja tena kwa wingi zaidi, watu wakahamishwa kwa mashua katika njia walizozoea kupita kwa bodaboda, na viboko wakawa wanazunguka usiku penye nyua za watu. Nyumba ya fundi ilikuwa miongoni mwa zile zilizoingiliwa. Kutoka Longonot jambo lililotusumbua miaka yote lilionekana kwa jicho moja. Nchi yote ile ni bakuli: mito ya Malewa na Gilgil huleta maji ya Nyandarua ziwani, wala hakuna mto hata mmoja unaotoka, maji yanayopungua hupungua kwa jua, kwa kutumiwa na watu, na kwa kuzama chini ya ardhi, na kule kuzama ndiko kunakolifanya ziwa libaki na maji matamu.

Kiongozi alinyoosha bakora yake. "Fundi," alisema, "pale mlipojenga palikuwa malisho ziwa lilipokuwa chini. Na kabla ya kuwa malisho palikuwa ziwa."

"Na karatasi za ploti tulipewa," fundi akajibu.

"Karatasi mlipewa na watu. Mngeuliza wafugaji."

Fundi hakuchukia, alinyamaza, kisha akaanza kumuuliza maswali, moja baada ya moja, maji yalifika wapi zamani, mstari wake wa juu ni upi, na yule akamwonyesha kwa rangi ya majani na kwa miti, na mazungumzo hayo yaliendelea mpaka tukafika chini alasiri. Mimi nilisikiliza nikijiuliza ni mara ngapi watu wenye maarifa ya namna hii wamealikwa katika mikutano ya kugawa ardhi.

Jumapili na Jumatatu tulikuwa upande wa Ol Njorowa, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1984 ambayo jina lake la Kiingereza maana yake ni Lango la Jahanamu. Pana jabali refu lililosimama peke yake, lililoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika mwaka 1883. Tulipita vilimani baina ya pundamilia na swala, tukaona kwa mbali mabomba ya Ol Karia, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Korongo lenyewe la Ol Njorowa, ambalo maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa mlango wa ziwa lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini, hatukulishuka. Jua lilikuwa kali juu ya vichwa vyetu, lakini kiongozi alikuwa ameona wingu zito lililokaa juu ya vilima vya mbali, akakataa katakata. Mvua inayoua korongoni hainyeshi korongoni. Hunyesha juu, na maji huja ghafla baina ya kuta ambazo hazina pa kukimbilia. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walichukuliwa hapo, na Septemba 2019 maji yakawachukua tena watu saba, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii wa pale pale. Alipomtaja yule marehemu sauti yake ilibadilika, nasi hatukuomba tena kushuka.

Jumanne tulilizunguka ziwa kwa upande wa kaskazini tukapanda Eburru, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo moyo wangu ulipobaki.

Eburru ni mlima wenye vilele vinavyopita mita 2,800, hauna umaarufu wa Longonot, na wageni wake ni wachache. Juu ya mlima hakuna mto wa kutegemewa, lakini ardhi hupumua: katika mashamba, kando ya njia, hata nyuma ya jiko la mtu, hutoka mvuke katika nyufa, na udongo wa hapo ni mwekundu na wa moto kiasi cha kutokalika. Wenyeji wameufanya mvuke huo kuwa kisima. Hufunika tundu, huingiza bomba, wakalilaza bomba hilo kwa mteremko wa kadiri ili mvuke upoe ndani yake, na mwisho wa bomba huweka pipa. Na maji hudondoka tone kwa tone, usiku na mchana, wala hayakomi kiangazi. Tulisimama mbele ya pipa moja kama hilo nyumbani kwa mama mmoja aliyetukaribisha chai. Fundi alipiga magoti, akagusa maungio, akapima mteremko kwa kijiti, akauliza bomba gani huliwa na kutu upesi na lipi hudumu, na mama yule, ambaye hajakaa darasani kusomea mabomba, akamjibu kila swali kwa ufasaha, kwa sababu akikosea watoto wake hukosa maji. Chai ilikuwa ya maji hayo. Haikuwa na ladha ya ajabu. Ilikuwa chai njema ya maziwa, nasi tukanywa vikombe viwili viwili.

Msituni tulikabidhiwa kwa mzee wa Kiogiek, kwa sababu kiongozi wetu mwenyewe alikiri kwamba pale juu ilimu yake ya mbugani haifiki, na kukiri huko kulinizidishia kumwamini. Nilimpa mzee shikamoo ya kwetu, akaipokea kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Watu wake ni wa nyuki na misitu tangu zamani. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu mwaka 2017 kwamba Waogiek wa Mau walidhulumiwa kwa kufukuzwa katika msitu wao. Mzee hakuzungumza mambo ya mahakama. Alizungumza miti: mwerezi, ambao gome lake hufunikia mzinga, mti huu ukichanua asali huwa nyeupe, mti ule ukichanua asali huwa chungu kidogo nayo ni dawa ya kifua, na alikuwa akisimama chini ya mti, akiinua uso, akisikiliza, kisha akisema kama nyuki wamo au wamehama, kabla sisi hatujauona hata huo mzinga. Msitu wa Eburru umezungushiwa ua wa umeme wa zaidi ya kilomita 40, uliokamilika mwaka 2014, na ndani yake wamo bongo wa milimani, wanyama adimu sana ulimwenguni. Hatukumwona bongo, na mzee alisema mtu anayemwona bongo ni yule asiyekuwa na haja naye.

Tuliposhuka upande mwingine alituonyesha jiwe jeusi la kioo lililojitokeza katika ukingo wa njia. Nilishika kipande chake kidogo: kilikuwa cheusi kabisa, lakini nilipokielekeza kwenye jua ukingo wake mwembamba ulipitisha nuru ya rangi ya moshi, na makali yake yalinichana ngozi ya kidole gumba kabla sijahisi maumivu. Kwa mawe haya watu wa kale walitengeneza visu na vikwaruzio, na vipande vya kioo cha Eburru na Naivasha vimefukuliwa na wataalamu mbali sana na hapa, hata kaskazini ya Tanzania. Basi biashara ya bara na njia zake zilikuwapo maelfu ya miaka kabla ya pembe na shanga za kina Kimameta, na yupo mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliyetangulia mbele, akiwaonyesha wenziwe njia ya kufikia jiwe hili. Nilikirudisha kipande mahali pake, kwa kuwa mzee alikuwa akinitazama.

Alhamisi mvua ilitushinda, tukaingia Nakuru jioni tumelowa.

Ijumaa asubuhi tulipanda Menengai na kiongozi mwingine, binti wa Nakuru aliyesomea utalii, mwenye sauti kubwa na hatua ndefu. Njia ya kupanda kutoka mjini ni nyepesi, na labda ndiyo sababu watu wa Nakuru, mji uliofanywa jiji mwaka 2021, huufikia ukingo huu kwa wingi siku za mapumziko, wakapiga picha na kurudi. Ukingo una kimo cha mita 2,278. Shimo la Menengai halilingani na la Longonot kwa sura: ni pana mno, kilomita zipatazo 12 kwa urefu na nane kwa upana, na sakafu yake imejaa mawe meusi ya volkano yaliyoganda yalipokuwa yakitiririka, vichaka vikiwa vimeota katika nyufa, na mvuke wa visima ambavyo vimechimbwa tangu mwaka 2011 ukipanda hapa na pale. Mtu akitazama chini hupoteza kipimo. Kichaka au mti mkubwa, haijulikani.

Binti alituketisha, akatusimulia vita vya karne ya kumi na tisa, Wamaasai wa Ilpurko na wenzao walipowashinda Wailaikipia hapa juu, na wengi wa walioshindwa wakatupwa au wakaanguka shimoni. Na kwa hivyo mvuke ule watu wengine wamesema ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda juu, na Wakikuyu wakapaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Aliisimulia vizuri. Kisha kiongozi wetu wa Longonot, aliyekuwa kimya, akamwuliza kwa adabu kama angeweza kuongeza, akaeleza mambo aliyoyasikia kwa babu yake, ugomvi ulivyoanza kwa malisho na maji, na jinsi waliosalia wa Ilaikipia walivyopokewa katika koo nyingine, hata leo wako watu wanaojua ya kwamba damu yao ni ya upande ule. Binti alitoa daftari akaandika. "Mzee," akaniambia mimi, "hii sikufundishwa chuoni." Nilifurahi kuliko nilivyofurahi katika kilele chochote, kumwona mjuzi akijifunza kwa mjuzi mwenziwe, na mmoja akiwa na cheti na mwingine hana, wala hapana aliyemdharau mwenziwe.

Tulishuka mapema nikawahi sala ya Ijumaa mjini, na alasiri tukamalizia kilima cha Hyrax, ambacho Mary Leakey alikichimba mwaka 1937 na 1938. Pale kuna bao lililochongwa katika mwamba wenyewe, vishimo vyake vimelainika. Kiongozi na binti walibishana kuhusu namna ya kuzungusha kete, kila mmoja kwa mchezo wa kwao, nami nikawaeleza wa Mvita, na hatukuafikiana.

Katika matatu ya kurudi Naivasha, yule mama muuguzi alikwisha kupanga yaliyobaki. Mvua za vuli zikikoma tutakwenda Nyandarua, kilele cha Kinangop, mita 3,906, ambako baridi yake yahitaji nguo za sufu na kiongozi wa upande ule. Fundi amekubali kuchukua vijana wawili wanaojifunza kazi kwake. Kiongozi wetu naye amepewa orodha ya majina ya watoto wa Kihoto wanaotaka kupandishwa Longonot Jumamosi ijayo. Ada yake wazazi watachangia, na sharti alilotoa ni viatu vya kufunga na lita mbili za maji kwa kila mmoja.